Mapigo ya Moyo Wakati wa Kupungua Uzito

Anayepunguza uzito huitazama mizani kila wiki, lakini mara chache hukumbuka kupima mapigo ya moyo wake akiwa ametulia, ingawa yanaeleza mengi kuhusu namna uzito huo unavyopungua. Kwa mtu mzima, mapigo hayo kwa kawaida huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Yapime asubuhi uamkapo, kabla ya kuinuka kitandani na kabla ya chai: weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na uhesabu kwa dakika nzima. Hesabu ya siku moja isikusumbue, kwa kuwa homa au usiku wa kukosa usingizi huibadilisha. Linganisha wiki na wiki.

Uzito ukipungua polepole kwa mlo unaofaa na mazoezi, mapigo hushuka, kwa sababu mwili uliopungua hauhitaji damu nyingi kama awali, na moyo uliozoeshwa mazoezi husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Aliyekuwa na mapigo 82 akafikia 72 baada ya miezi kadhaa ya kutembea kwa kasi ana haki ya kufurahi.

Lakini njaa nayo huyashusha. Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachunguza wanaume 36 waliojitolea kula takriban nusu ya chakula chao kwa wiki 24. Mapigo yao yalishuka kutoka wastani wa 55 hadi 35 hivi, nao wakawa wanyonge, wakihisi baridi hata wakati wa joto. Moyo ulikuwa ukibana matumizi kwa kukosa chakula. Kwa hiyo, anayeshinda na mlo mmoja mdogo, kisha akaona mapigo chini ya 50 pamoja na kizunguzungu au kuzirai, asidhani kuwa amepata moyo wa mwanariadha; aende kituo cha afya.

Mapigo yakipanda, chanzo huwa mara nyingi upungufu wa maji au wa damu. Chai za kupunguza mwili zinazoharisha, na vidonge vya kukojosha vinavyotumiwa bila ushauri wa daktari, huondoa maji na madini ya potasiamu, na upungufu wa potasiamu unaweza kuvuruga mdundo wa moyo hadi kuhatarisha maisha. Sindano za semaglutide, dawa ya kisukari na ya kupunguza uzito, nazo huweza kuongeza mapigo machache kwa dakika, jambo ambalo daktari aliyeziandika hulifuatilia.

Ninayemhofia zaidi ni yule anayepungua bila kukusudia huku moyo ukienda mbio, mikono ikitetemeka na jasho likimtoka, naye anapongezwa na majirani. Huenda tezi ya thairoidi iliyo shingoni inazalisha homoni kupita kiasi, hali inayogunduliwa kwa kipimo cha damu na inayotibika. Homa za jioni na kikohozi cha wiki mbili au zaidi vikiambatana na kupungua huko, apimwe kifua kikuu. Aende na hesabu zake za mapigo zikiwa na tarehe, pamoja na dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba.