Kugeuza biomasi kuwa nishati kwa maikrowevu

Biomasi ni mabaki yoyote ya mimea au wanyama: maranda, pumba, vifuu, makapi ya miwa, samadi. Ukiyachoma hivi hivi unapata joto na moshi, basi. Ukiyapasha moto mkali pasipo oksijeni hayaungui, bali huvunjikavunjika na kutoa gesi, mafuta meusi mazito na mkaa. Njia hiyo huitwa pairolisisi, na maikrowevu ni mojawapo ya namna za kuipatia joto.

Tofauti kubwa ni pale joto linapoanzia. Katika tanuri la kawaida joto huingia kutoka nje, tena polepole, kwa kuwa mbao hupitisha joto kwa shida. Mawimbi ya maikrowevu yenyewe hayana moto. Hupenya ndani na kuzigeuzageuza molekuli za maji, zenye ncha chanya na ncha hasi, na kwa masafa ya gigahezi 2.45 wimbi hugeuka mabilioni ya mara kila sekunde. Purukushani hiyo ndiyo inayozaa joto, humo humo ndani. Kiini cha kipande kikawa cha moto kuliko ganda lake, na mvuke unaotoka hupita penye joto dogo zaidi, kwa hiyo hauvunjiki sana njiani.

Kuna jambo ambalo maelezo mengi huliruka: biomasi kavu hunyonya mawimbi haya kwa uhafifu sana. Maji yakiisha, joto laweza kugoma kupanda. Ndiyo maana huchanganywa na unga wa mkaa au silikoni kabaidi, vitu vinavyoyanyonya vizuri na kupasha moto biomasi iliyo jirani. Pairolisisi ikishaanza, mkaa unaozaliwa humo huendeleza kazi. Shida yake ni kwamba baadhi ya sehemu hupata moto kupita kiasi, hata kutoa cheche, na kipimajoto kimoja hakiwezi kukuonyesha hilo.

Kwenye nyuzi 200 hadi 300 za Selsiasi unapata kuni kavu za kahawia zinazosagika kirahisi. Karibu na 500 mafuta huwa mengi. Ukipanda sana, gesi huzidi, ikiwemo hidrojeni na kaboni monoksaidi. Mafuta hayo yana maji na asidi, hula chuma, na hayafai kumiminwa kwenye injini ya dizeli kabla ya kusafishwa.

Kwangu mimi, hesabu inayoamua yote ni ya umeme. Magnetroni, yaani kifaa kinachozalisha mawimbi hayo, ya gigahezi 2.45 hupoteza takriban theluthi moja ya umeme inaoutumia. Zile za megahezi 915 za viwandani hupoteza kiasi kidogo kuliko hicho, na mawimbi yake hupenya kina kirefu zaidi. Kuvukiza kilo moja tu ya maji hula takriban uniti 0.7 za umeme (kilowati-saa), kabla hata ya hasara hizo. Malighafi mbichi ikiingia tanurini, umeme mwingi huishia kukausha. Kwa hiyo heri ikaushwe kwanza kwa jua au kwa joto linalotoka mtamboni, na gesi inayozalishwa izungushe jenereta ya mtambo wenyewe.