Daraja la Skye: mahakama haikufuta tozo

Hadi leo wapo wanaosimulia kwamba wakazi wa kisiwa cha Skye, Uskoti, waliibwaga serikali mahakamani na tozo za daraja lao zikatangazwa haramu. Haikuwa hivyo.

Daraja lilifunguliwa Oktoba 1995 kwa fedha za wawekezaji binafsi, na feri ya Kyleakin, iliyokuwa ikivusha watu hapo, ikasitishwa. Ilifika mahali mgeni mwenye gari dogo akalipa pauni 5.70 kwenda na 5.70 kurudi, msimu wa kiangazi. Hasira ya watu ilikuwa ya haki kabisa. Waliogoma kulipa walipandishwa kizimbani katika mji wa Dingwall, na huko wakadai waonyeshwe hati inayompa mkusanyaji idhini ya kutoza. Lilikuwa swali zito, kwani mtu hawezi kutoza barabara ya umma bila sheria kumruhusu. Hata hivyo mahakama, mpaka kwenye rufaa, zilishikilia kwamba tozo ni halali, na watu wapatao 130 wakatiwa hatiani.

Kilichoziondoa tozo ni uamuzi wa kisiasa: tarehe 21 Desemba 2004 serikali ya Uskoti iliununua mkataba wa wawekezaji wa daraja kwa takribani pauni milioni 27. Ununuzi huo haukuwafutia hatia waliohukumiwa.