Michezo ya vyuo: ya maskani na ya kweli

Maskani za Mombasa, kuanzia Kibokoni hadi Changamwe, hazikosi mtaalamu wa mambo ya Marekani. Kijana akionekana ana mbio au kimo cha basketboli, shauri ni lile lile: atafutiwe chuo huko, riziki ndiko iliko. Nimechoka kubishana kwa mdomo; leo nazijibu hoja zao moja moja kwa maandishi.

"Ukipata skolashipu ya michezo, umemaliza."

Hujamaliza. Vyuo vya daraja la tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, havitoi ufadhili wa michezo, wala vile vinane vikongwe vya kundi la Ivy League, Harvard na Yale vikiwemo. Hata daraja la kwanza, hadi 2025 timu ya riadha ya wanaume iliruhusiwa ufadhili kamili 12.6 tu. Hiyo nukta sita si kosa la uchapaji: kocha aliumega kama mkate, mkimbiaji wa mita 1,500 akapewa nusu, mrusha mkuki robo, mwingine akaambulia pesa za vitabu. Salio ni la wazazi, tena kwa dola. Mzee wangu, kabla hujauza kiwanja cha Mtwapa, uliza barua inasema asilimia ngapi.

"Mbona Henry Rono alitoka?"

Hadithi hii husimuliwa nusu. Ni kweli, mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State University, mkimbiaji wetu Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Kinachoachwa ni kwamba hakuwahi kukimbia Olimpiki, maana Kenya ilisusia ya 1976 na ya 1980, na kwamba baadaye pombe ilimwelemea na fedha zikamwishia. Mkenya mwingine, Paul Ereng wa University of Virginia, naye alitwaa dhahabu ya mita 800 kule Seoul, 1988. Ukimtaja mmoja, mtaje na mwenzake.

"Siku hizi wanalipwa." Naam, tangu Julai 2025 vyuo vya daraja la kwanza vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Lakini fungu nono huenda kwa futiboli ya Kimarekani na basketboli ya wanaume, na mgeni mwenye viza ya mwanafunzi amebanwa na masharti ya kazi.

"Wale hawasomi." Kanuni zinataka wafaulu ndipo wacheze. Udanganyifu upo, sikatai: University of North Carolina ilifichuliwa kuwa na madarasa hewa yaliyodumu miaka 18.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba yote ni biashara. Idara nyingi za michezo za vyuo hivyo hutumia kuliko zinavyoingiza. Ann Arbor, jimboni Michigan, ni mji wa watu kama 120,000, na uwanja wa chuo chake unachukua zaidi ya 107,000. Kasarani yetu haifiki hapo. Wapo wanaojaa pale ambao hawakusoma chuoni hapo. Timu ni ya mji, basi.

Mombasa tunaijua raha hiyo. Timu yetu ya Feisal ilipotwaa ligi ya taifa ya kandanda 1965 mji ulikuwa na chake cha kujivunia, na leo Bandari wana watu wao. Vyuo vyetu ndivyo vilivyojitenga: mechi huchezwa nyuma ya geti, katikati ya wiki, mlinzi akidai kitambulisho. Zihamishwe Jumamosi alasiri, geti liachwe wazi, muuza viazi karai aingie na karai lake, na watoto wa mtaa waruhusiwe kuzomea timu ya wageni.