Kabla hujapiga rangi mlango mzima, mwagia maji kwanza

Jumamosi dada mmoja aliniletea gari lake, ubavu wa kushoto umechorwa na bajaji kwenye foleni ya Mwenge. Kwingine alikuwa ameshaambiwa milango yote miwili ipigwe rangi upya. "Fundi, hivi kweli hakuna njia nyingine?" Nikamwambia, "Subiri dada yangu, tuoshe kwanza."

Vumbi lilipotoka nikamwagia maji juu ya mikwaruzo. Karibu yote ikapotea machoni. Maji yalipokauka, ikarudi. Nikajua kazi yetu ni ya asubuhi moja, isipokuwa alama moja chini ya kitasa, ambayo hata ikiwa imelowa ilionekana vilevile.

Rangi ya gari ina matabaka. Juu ya bati kuna praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ile inayong'aa. Mstari mweupe unaokuumiza roho mara nyingi si rangi iliyotoka. Ni klia iliyochanika, kingo zake zinatawanya mwanga. Maji yakijaza ule mfereji, mwanga unapita na mstari unafichika. Baada ya maji natumia kucha, naipitisha taratibu kukatiza mkwaruzo. Ikiteleza, polishi inatosha. Ikinasa, mkwaruzo umezama, na ukiona kijivu mara nyingi umefika kwenye praima.

Wengi hudhani kompaundi, ile dawa ya kusugulia, inajaza mkwaruzo. Haijazi kitu! Inasaga klia ya pembeni mpaka ilingane na chini ya mfereji. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele wako wa kichwani. Kila unaposugua unaitumia, na hairudi. Ndiyo maana naanza na kompaundi kwanza, nikiona mkwaruzo bado upo ndipo nachukua msasa wa maji namba 2000, halafu 3000, nikilowesha kila mara, kisha narudi kwenye kompaundi na kumalizia na polishi laini. Ile michirizi ya bluu ya bajaji ilikuwa imekaa juu tu, ikatoka na kompaundi ya mkono.

Fanyia kivulini. Bati lililokaa juani hapa Dar saa sita mchana huwezi kuliwekea kiganja, na kompaundi inakauka kabla haijafanya kazi. Kwenye kingo za milango na mikunjo ya bodi bandika tepu, maana hapo klia ni nyembamba zaidi na mashine ya kusugulia inaila upesi. Mwaka wangu wa kwanza niliunguza ukingo wa boneti ya mteja hadi praima ikatokeza. Nililipa kuipiga rangi upya, na tangu siku hiyo kingo nazimalizia kwa mkono.

Sasa ile alama ya kitasani. Ilikuwa imefika kwenye bati, na kwa gari linalolala karibu na bahari usiiache hata kama ni ndogo kama punje ya mchele, chumvi itaingiza kutu chini ya rangi nzima. Niliifuta kwa spiriti, nikagusa praima, kisha rangi kwa ncha ya kijiti cha meno. Rangi usiikisie kwa macho. Toyota wameandika namba yake kwenye kibati, penye herufi C/TR, chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Lake lilikuwa na rangi ya kawaida, rahisi kuipata. Mwenye 070, ile nyeupe ya lulu, huwa namwambia mapema: inapigwa kwa hatua tatu, na kiraka cha kijiti kitaonekana ukisimama karibu.

Niligusa tabaka nyembamba mara tatu, kila moja nikiiacha ikauke, mpaka ikainuka kidogo kuliko rangi ya pembeni. Haipendezi ikiwa hivyo, najua, na dada aliinama akaitazama kwa mashaka. Nikamwomba arudi baada ya wiki, rangi ikishakomaa, niisawazishe kwa msasa 3000. Na kwa wiki hiyo asiipeleke gari kuoshwa pale wanapofutia boneti kwa kitambaa kilekile kilichotoka kwenye matairi.