Kabla hujapiga msasa kiti cha bibi, ngoja kwanza

Juzi kati kaja mama mmoja na kiti cha mvule cha marehemu mama yake, mikono imeganda uchafu mpaka myeusi, akaniambia fundi piga msasa chote kiwe kipya. Nikamwambia mama, ngoja kwanza, hilo kosa nishalifanya mimi.

Enzi naanza kazi nililetewa meza ya mvule, kahawia imeiva kabisa, nikaipiga msasa namba 80 siku nzima najiona fundi kweli, jioni natazama hivi, meza ya njano! Mvule ukipasuliwa leo ni wa njano njano, ile kahawia inakuja yenyewe kwa mwanga na hewa, miaka na miaka, afu iko juu juu tu, ukiikwangua ndo imeenda na vumbi. Mwenye meza hakusema kitu. Bora angenitukana.

Kwa hiyo siku hizi naanza na kitambaa na waiti spiriti kidogo, maji ya ndoo hapana, mbao inavimba. Weusi mwingi ni jasho, mafuta na polishi za zamani, unatoka. Halafu, nijue kilipakwa nini, chini ya kiti pasipoonekana nagusisha pamba yenye spiriti, ile ya methileti sio waiti spiriti: pakinata, hiyo ni shelaki, polishi ya zamani inayoyeyuka kwa spiriti. Isiponata ila tinna inayeyusha, ni laka. Vyote vikigoma basi ni vanishi ngumu za kisasa na hapo bei inabadilika, tusidanganyane.

Cha huyu mama kilinata, nikafurahi, maana shelaki mpya inaiyeyusha ya zamani kidogo zinashikana, huna haja ya kubandua chochote. Naloweka vipande vya shelaki kwenye spiriti usiku kucha, nachuja, napaka kwa pamba iliyofungwa kwenye kitambaa, nyembamba sana, mara nyingi. Ila sio siku ya mvua, masika inaota ukungu mweupe, nimeshalia nayo. Ile duara nyeupe ya kikombe cha chai nayo ni unyevu tu umeingia humo, pitisha kitambaa chenye spiriti kwa mbali, haraka haraka, mara nyingi inapotea.

Na wanaopenda kupaka mbao mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, vitambaa vyake msivikunje mkavitupa kwenye pipa, vinapata moto vyenyewe na kuwaka, vitandaze nje vikauke.

Kuhusu ile steini ya mahogani wanayopaka kila kitu, mvule, mninga, mpaka paini, vyote vinafanana utadhani ndugu, sitaki hata kuanza.

Mama kaja kuchukua, kashika mkono wa kiti, "Fundi, mbona hapa pamebaki peusi kidogo?" Nikamwambia mama, ukitaka nakutolea huo weusi wa mikono ya mama yako sasa hivi, dakika kumi, ila ukija kesho unautaka tena sina pa kuutoa. Akakiangalia weeee, akaita bajaji.