Je, wajua kwa nini Idi Amin aliivamia Kagera?

Tarehe 1 Novemba 1978 Redio Uganda ilitangaza kwamba mpaka na Tanzania sasa ni Mto Kagera. Kwa tangazo hilo, kiasi cha kilomita za mraba 1,800 za ardhi ya Tanzania zilimezwa: migomba, mifugo, kiwanda cha sukari, na watu wake. Amin alikuwa anatafuta nini huko?

Tumtazame kwanza akiwa kwake Kampala. Alipindua serikali Januari 1971, Bunge likavunjwa, akatawala kwa amri. Mtawala wa namna hiyo haogopi kura. Anawaogopa askari wake, maana njia waliyompitishia yeye wanaweza kumpitishia mwingine. Dawa aliyoijua ni kuwashibisha. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia, na maduka yao mengi yakaishia mikononi mwa wanajeshi. Kufikia 1978 vya kugawa vilikuwa vimekwisha. Bei ya kahawa ilishuka, na Oktoba Marekani ikaacha kununua kahawa ya Uganda. Makamu wake, Mustafa Adrisi, mwenye wafuasi wengi jeshini, alikuwa ameumia katika ajali ya gari Aprili, na watu wake wakaanza kuondolewa vyeoni. Baadhi ya vikosi vikaasi.

Wanahistoria hadi leo wanabishana: Amin ndiye aliyetoa amri, au askari walivuka mpaka wakiwafukuza waasi, naye akaudandia ushindi? Kwa maoni yangu, vyovyote iwavyo, chanzo ni kimoja. Jeshi lililozoea kula kwa bunduki nyumbani lilivuka Mutukula, mji wa mpakani, likaua raia, likapora, likaswaga ng'ombe kuelekea Uganda.

Na nani angemwambia Amin kwamba anakosea? Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyepinga mauaji waziwazi, aliuawa Februari 1977. Baada ya hapo, waziri gani angethubutu kumwonya kuwa Tanzania itajibu? Nyerere alijibu tarehe 2 Novemba: “Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu ya kumpiga tunayo. Na nia ya kumpiga tunayo.”

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Wengi wa askari aliowalisha ngawira miaka minane walikuwa wamekwisha kutoroka, na Amin mwenyewe akakimbilia Libya.