Kwa Nini Prosesa Yangu Naibania Umeme

Kompyuta yangu ya kazi ina prosesa ya Ryzen 9 7950X: viini 16 (sehemu zinazofanya hesabu), kasi ya juu gigahezi 5.7. Siku ya kwanza niliipa kazi ya kurenda, yaani kukokotoa na kuchora, picha za 3D, nikaona joto likipanda hadi nyuzi 95 za Selsiasi na kuganda hapo. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye swichi. Sikuzima, maana AMD, watengenezaji wake, walipoitoa mwaka 2022 walisema wazi kwamba imesanifiwa hivyo: inapanda mpaka 95, kisha inajishikilia hapo huku ikitafuta kasi yote inayopatikana. Ukiifungia kipozeo kikubwa zaidi, mara nyingi faida yake huiona kwenye kasi kuliko kwenye kipimajoto.

Joto likaacha kunisumbua. Umeme ndio ulionikera.

Karatasi ya maelezo inasema TDP ni wati 170. Wengi husoma namba hiyo kama kiasi cha umeme unaoliwa, kumbe ni mwongozo wa kuchagulia kipozeo. Kikomo cha umeme unaoruhusiwa kupita kwenye soketi, pale prosesa inapochomekwa, ni wati 230. Washindani wao Intel, kwa prosesa yao ya Core i9-13900K, waliandika namba mbili, wati 125 na 253, na ya pili ndiyo ya kuangalia ukiwa na kazi nzito. Tena ziko mazabodi, zile bodi kuu zinazobeba prosesa, zinazokuja na vikomo vimeshalegezwa kabla hujagusa chochote, kwa hiyo anayepima na kupata zaidi ya hapo asidhani mita yake ni mbovu.

Chanzo cha ulaji huu ni hesabu fupi. Umeme unaotumiwa na transista, swichi ndogo mno zilizo ndani ya prosesa, zikiwaka na kuzimika hufuata kasi, mara volteji, mara volteji tena. Volteji inahesabiwa mara mbili, na kasi haipandi bila kuongezewa volteji. Ukipunguza zote mbili kwa asilimia 10, unabaki na 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani karibu 0.73. Umetoa sehemu moja ya kumi ya kasi, ukaokoa zaidi ya robo ya umeme. Huku juu kabisa, ambako prosesa za bei kali huuzwa zikiwa tayari zimesukumwa, mambo ni mabaya zaidi: megahezi 200 za mwisho hudai volteji nyingi kuliko 200 zilizozitangulia. Zipo kwa ajili ya chati za ushindani, ndivyo ninavyoona mimi.

Basi nikaingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikachagua hali ya Eco, ya kubana umeme. Ina ngazi mbili za kawaida: ya TDP 105, ambayo kikomo chake halisi ni wati 142, na ya 65, ambayo ni wati 88. Hapa watu hukosea kwa kudhani ngazi ya chini zaidi ndiyo bora daima. Wati ni mwendo wa kula. Unacholipia ni jumla iliyoliwa hadi kazi iishe, na prosesa haili peke yake. Kuna memori, diski, feni, kadi ya picha iliyokaa bure.

Tuchukue mfano wa kubuni, vitu hivyo vingine vikila wati 70. Kwa wati 230 kazi inaisha kwa dakika 10: jumla wati-saa 50. Kwa 142, tuseme dakika 11: karibu 39. Kwa 88, dakika 14: karibu 37. Ukiibana mpaka 45 na kazi ikachukua dakika 24, unafika 46. Umesubiri zaidi ya mara mbili, na sehemu kubwa ya ulichookoa imeliwa na vile vingine vilivyokuwa vinangoja pamoja nawe. Namba zako zitakuwa tofauti, lakini bonde hilo la katikati utalikuta.

Kazi nyepesi haziguswi kabisa. Kiini kimoja kikikimbia kwa gigahezi 5.7, prosesa nzima bado iko mbali na wati 142, kwa hiyo kivinjari hakioni tofauti, na michezo mingi nayo karibu haioni. Kwa anayecheza tu, ningemwonyesha 7950X3D: TDP yake ni 120, ina kache ya L3, memori ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ya megabaiti 128, na kwenye michezo mingi humpita ndugu yake mwenye 170. Data ikiwa karibu, kiini hakikai kikiisubiri kutoka kwenye memori.

Ikiwa imetulia, ni hadithi nyingine. Prosesa hii imeundwa kwa vipande vitatu, viwili vya viini na kimoja cha kuunganisha memori na vifaa vya nje, na hicho cha tatu hula wati zake hata usipofanya chochote. Eco haikisaidii.

Mimi nimebaki kwenye 142. Kazi ikiwa ya haraka kweli narudisha 230, navumilia kelele za feni, na ikiisha naishusha tena.